Wimbo Uliotawanya Makofi



Kuna kijana tuliyemwondoa katika korali kwa sababu ya pigo moja. Tunasema pigo moja, wala hatutii chumvi. Alikuwa mpiga gitaa wa miaka 19, mpole, aliyefika mazoezini kabla ya wengine na kukunja nyaya bila kuombwa. Jumamosi moja alituletea wimbo alioutunga mwenyewe, akaomba tuujaribu. Mwanzo wake ulikuwa mtamu. Waimbaji wakaanza kupiga makofi kama ilivyo desturi yetu, na kabla ubeti wa kwanza haujakwisha makofi yalikuwa yametawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Tukaanza upya; yakatawanyika tena. Mara ya tatu akina mama wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko, na mpiga ngoma akaweka fimbo zake chini.

Sisi tunaoandika mistari hii ndio tulioiongoza korali ile, na tulikuwa tumekwisha kuwafundisha walimu kwa zaidi ya miaka 20. Tulimwuliza mbele ya watu wote alijifunza wapi kuhesabu. Akajibu kwa adabu: "Papa Mwalimu, si kosa. Wimbo unahesabu saba." Tukamwambia kwamba Mungu alimpa mtu miguu miwili, na kwamba hatujamwona bado mwenye kucheza kwa miguu saba. Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Tukampa juma moja aurekebishe wimbo wake. Hakuurekebisha, nasi tukamshauri apumzike kidogo. Ninyi mnajua maana ya neno "pumzika" litokapo kinywani mwa mkubwa wa korali. Hakurudi.

Miezi ikapita. Siku moja tulikutana naye mahali wanaposimama wenye pikipiki, akatusalimu kwa mikono miwili kama mtoto amsalimuvyo mzazi. Tulikuwa na aibu, na mwenye aibu huuliza maswali ya pembeni. Tukamwuliza zile hesabu zake za saba alizipata wapi. Akatoa katika simu yake kadi ndogo ya kuhifadhia nyimbo, ile isiyozidi ukucha, akaiweka kiganjani mwetu. "Usikilize polepole, Papa. Usianze kwa kucheza. Anza kwa kuhesabu."

Ndani ya kadi mlikuwa na nyimbo chache tu, zote za Waingereza, zote zilizorekodiwa kati ya mwaka 1969 na 1977, yaani wakati sisi tulipokuwa tukibebwa mgongoni au tukijifunza herufi za kwanza. Muziki huo huitwa roki progresifu, maana yake roki inayosonga mbele. Roki ilikuwa imezaliwa kuwa muziki wa kuchezea: dakika 3, kiitikio, mwisho. Lakini miongoni mwa vijana hao walikuwamo waliosomea piano kwa miaka mingi, na waliokuwa wameimba utotoni katika korali za kanisa, nao walitaka wimbo uende mbali zaidi. Santuri kubwa ilikuwa na nafasi ya dakika 20 na ushei kila upande. Wakaona hakuna sababu ya kuikata nafasi hiyo vipande vipande.

Usiku wa kwanza hatukupenda kitu. Tulisikia makelele, kisha ukimya, kisha mtu akiimba maneno ya Kiingereza ambayo nusu yake hatukuyaelewa, kisha makelele ya aina nyingine. Tungeirudisha kadi kesho yake na kumshukuru kijana kwa uongo, lakini lile neno lake la mwisho lilitukaa moyoni. Kuhesabu ni kazi yetu. Basi usiku wa pili tulifanya kama tunavyowaelekeza wanafunzi wetu wanaojiandaa kufundisha darasa la kwanza: tukamwaga maharagwe mezani.

Wimbo tulioanza nao uliitwa "Money", wa kundi la Pink Floyd, katika albamu yao ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon. Huanza kwa mlio wa sarafu na wa mashine ya kupokelea fedha dukani, sauti zilizorekodiwa, zikakatwa katika vipande vya utepe, zikaungwa mpaka zikawa mdundo. Kisha gitaa la besi linaingia. Tukaanza kupanga punje moja kwa kila pigo, safu za nne nne, kwa kuwa mkono wetu haujui safu nyingine. Kila safu ya pili ilibaki pungufu. Tukadhani tumekosea, tukarudia. Punje ikakosekana tena, mahali pale pale. Ndipo tulipoacha kuulazimisha wimbo kuingia katika safu zetu, tukapanga punje saba kwa mzunguko mmoja, na kila kitu kikatulia.

Tuliyatazama maharagwe yale kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukingoja pigo la nane, wimbo ulikuwa umekwisha kuanza upya bila sisi. Ni kama mtu ashukaye ngazi gizani, akidhani kuna kipago kimoja zaidi, na mguu wake ukakuta sakafu mapema: mwili wote unasukumwa mbele. Katika wimbo ule mwili unasukumwa hivyo mzunguko baada ya mzunguko, wala huwezi kusinzia. Halafu, katikati, gitaa linaachiwa lipige peke yake, na mdundo unageuka kuwa wa nne. Lo! Mabega yetu yalishuka, kichwa kikaanza kutikisika chenyewe gizani, hata mama watoto akauliza kutoka chumbani kama homa imerudi. Mdundo wa nne tumeusikia tangu tumbo la mama, na hatukuwahi kuuona kuwa kitu. Usiku ule ulikuwa kama maji baada ya safari.

Hapo tulianza kushuku kwamba tulikuwa tumeuelewa vibaya muziki huu, na yule kijana pia. Tulidhani hesabu zake ngumu zilikuwa majivuno, kama mwanafunzi atumiaye maneno makubwa ili mwalimu asimwulize swali. Kumbe ugumu ule ni namna ya kumngojesha msikilizaji. Unamnyima kitu kidogo ili akitamani.

Msidhani masikio yetu ya Kongo ni mageni katika shule hii ya kungoja. Wazazi wenu wanakumbuka santuri ndogo ambazo upande mmoja uliandikwa sehemu ya kwanza na upande wa pili sehemu ya pili, kwa kuwa wimbo ulikataa kuenea upande mmoja. Franco na TPOK Jazz walipotoa "Mario" mwaka 1985, hakuna aliyelalamika kwamba ulipita dakika 10. Rumba huanza na maneno: mtu analalamika, anasimulia, anashauri, na wanaocheza wanavuta hatua taratibu, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba sebene inakuja, magitaa yatafunguka, na vumbi litapanda. Tofauti ni kwamba katika rumba tunajua tunachongoja. Mwingereza wa mwaka 1972 hakuahidiwa sebene. Aliwekewa sindano juu ya santuri, akaketi, na hakujua kama mlango utafunguliwa, wala upande gani.

Katika kadi ile, wimbo uliotufundisha hayo zaidi ya wote uliitwa "Starless", wa kundi la King Crimson, katika albamu ya mwaka 1974 iitwayo Red. Una urefu wa dakika 12 na kidogo. Tutakaa nao, kwa sababu ndio uliotupatanisha na mambo mengi.

Unafunguliwa na sauti kama ya fidla nyingi zikilia pamoja kutoka chumba cha mbali. Si fidla. Ni kinanda kiitwacho Mellotron, kilichoanza kutengenezwa Birmingham katika miaka ya 1960. Chini ya kila kitufe chake kuna utepe wa sumaku wenye sauti halisi ya fidla, au ya filimbi, au ya waimbaji, iliyorekodiwa kabla. Ukibonyeza, utepe unapita. Baada ya sekunde 8 hivi umekwisha, sauti inakatika, na sharti uinue kidole ili utepe urudi mwanzo. Ni chombo kizito, kinachoharibika upesi na kupoteza sauti yake sahihi kwa sababu ndogo. Lakini sikilizeni kinavyolia! Kila sauti inatoka ikijua kwamba haina muda mrefu. Pengine ndiyo sababu makundi mengi ya muziki huu yalikipenda: kinatetemeka kidogo, kama mzee aimbaye wimbo anaoujua vema kwa pumzi isiyomtosha.

Juu ya sauti hiyo gitaa linapiga lahani moja ya polepole, ya huzuni, ambayo hata mtoto angeweza kuishika. Mwimbaji anaimba beti zake. Tukajisemea: huu ni wimbo wa kawaida, tena mzuri. Halafu baada ya dakika nne na kitu maneno yanakoma, lahani inatoweka, na gitaa la besi linaanza kuzunguka katika hesabu ya 13. Naam, 13! Maharagwe yetu yalijaa meza. Juu ya besi hiyo mpiga gitaa Robert Fripp, mtu ambaye huketi kwenye kiti anapopiga mbele ya watu, anapiga noti moja. Moja tu. Anaipiga tena, na tena. Baada ya muda anapanda hatua moja, anaendelea kuipiga hiyo. Ngoma, ambazo mwanzoni zilikuwa zikigongagonga pembeni kama mtu atafutaye funguo mfukoni, zinakusanyika kidogo kidogo. Dakika moja, mbili, tatu. Hakuna lahani. Kuna noti inayopanda na moyo wa msikilizaji unaopanda nayo, mpaka mtu anataka kusema: sasa basi, fanya kitu!

Katika dakika ya nane simu yetu ilizimika. Umeme haukuwapo mtaani tangu mchana, na betri ilikuwa imekwisha. Tulibaki gizani na vile vifaa vya masikioni bado vimening'inia, na hasira ya ajabu ikatupanda, kana kwamba mtu ametunyang'anya sahani mkononi. Hasira hiyo ndiyo iliyotushangaza. Saa moja kabla yake tulikuwa hatuujui wimbo ule. Sasa tulikuwa hatulali kwa sababu hatukujua unaishaje.

Kesho yake tulipeleka simu kwa jirani mwenye kibanda cha kuchajia, tukalipa, tukaenda kufundisha, na tunakiri kwamba tuliwafundisha wanafunzi wetu vibaya siku ile. Jioni tukaanza wimbo tangu mwanzo. Kuuanzia katikati kulionekana kuwa aina ya wizi. Ile noti moja ikapanda tena. Ngoma zikakusanyika tena. Kisha kitu kilipasuka: mwendo ukawa wa kasi, saksofoni ikaingia kwa fujo, kila chombo kikakimbia. Na pale ambapo mtu angedhani kwamba umekusudiwa kufia katika kelele, ilirudi ile lahani ya kwanza. Ile ile ya huzuni, ya polepole, ambayo mtoto angeweza kuishika, sasa ikibebwa na saksofoni, pana, na vyombo vyote vikiwa chini yake. Hawakuongeza kitu juu ya lahani ile. Ilikuwa imefika tu, kutoka mbali.

Tulizima simu, tukakaa. Tuliwaza kwamba kama wangeirudisha lahani hiyo baada ya dakika moja, ingekuwa kiitikio tu, nasi tungetingisha kichwa na kusahau. Ni zile dakika za noti moja zilizoifanya iwe kurudi nyumbani. Na tuliwaza, kwa uchungu, kwamba kijana yule alikuwa ameusikia wimbo huu mara nyingi peke yake, akiwa na miaka 17 au 18, na kwamba alipotuletea wa kwake tulimpa nafasi ya ubeti mmoja usiokamilika. Hatukuwahi kujua wimbo wake ulikuwa unaelekea wapi. Huenda mdundo wa nne ulikuwa unangoja mbele.

Baada ya hapo tulizisikiliza nyimbo nyingine kwa kiu. Katekista hawezi kuupita bila kutaja ule uitwao "Supper's Ready", wa kundi la Genesis, katika albamu Foxtrot ya mwaka 1972: una sehemu saba, dakika 23 hivi, na sehemu zake za mwisho zimejaa picha za Kitabu cha Ufunuo, hadi Yerusalemu mpya. Hatudai kwamba wale vijana waliandika katekisimu. Mahali pengine wanacheka na kupuuza, na katikati kuna mchezo wa maneno ambao hatukuuelewa hata baada ya kuusikia mara kumi. Lakini katika sehemu ya sita gitaa, besi na ngoma vinapiga mzunguko wa tisa, nao haugawanyiki katika tatu tatu tatu kama tulivyozoea katika nyimbo nyingi za kanisa. Tuliupanga mezani: tatu, mbili, nne. Tatu, mbili, nne. Unajirudia bila huruma kama kinu. Juu yake kinanda cha Tony Banks kinatembea kana kwamba hakijui kuna kinu chini: kina hesabu yake, njia yake, mapumziko yake. Mara vinakutana kwa bahati, mara vinaachana. Msikilizaji anajikuta na masikio mawili, moja likihesabu na jingine likifuata lahani, na anatamani vikutane kwa kweli. Vinapokutana, inarudi lahani iliyosikika katika dakika za kwanza kabisa za wimbo, karibu dakika 20 nyuma, nayo imekuwa kubwa. Tuligundua kwamba tulikuwa tumeihifadhi kichwani wakati wote huo bila kujua. Sisi tunaowalalamikia wanafunzi kwa kusahau somo la jana tungependa kujua siri hiyo.

Na kundi la Yes. "Close to the Edge", ya mwaka huo huo wa 1972, inaanza kwa maji na ndege, kama alfajiri kando ya mto, kisha vyombo vyote vinaruka kwa pamoja na kugombana hata mtu anatafuta mahali pa kushika. Mpiga ngoma wake, Bill Bruford, ndiye yule yule tunayemsikia baadaye katika "Starless". Mara tulipoambiwa hivyo tuliyatambua mapigo yake makavu kama tunavyotambua kikohozi cha jirani. Katikati ya wimbo kila kitu kinanyamaza. Sauti za watu zinaitikiana taratibu, karibu bila mdundo, na kutoka kimya hicho inaingia ogani kubwa ya mabomba. Si ya studio. Rick Wakeman aliipiga katika kanisa la St Giles Cripplegate, jijini London. Miaka mitano baadaye, kundi likiwa Uswisi, alipiga ogani ya kanisa la St Martin mjini Vevey huku wenzake wakiwa studioni Montreux, na sauti zao zikaunganishwa kwa nyaya za simu, moja kwa moja. Tunapokumbuka jinsi simu zinavyokatika huku kwetu tukizungumza na mtu wa mtaa wa pili, tunawavulia kofia.

Kwa nini wahangaike hivyo? Ogani ya umeme walikuwa nayo. Hammond ilikuwa chombo chao cha kila siku. Lakini ogani ya mabomba inapumua hewa ya jengo lake. Katika wimbo ule, baada ya dakika nyingi za vyombo vilivyobanana karibu na sikio, ghafla unasikia umbali, paa la juu, sauti inayochukua muda kufika ukutani na kurudi. Ni kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani ya gari lenye abiria wengi akafunguliwa mlango juu ya mlima. Mwishoni maji na ndege vinarudi, na mtu hawezi kusema kwa hakika kama ametoka mahali alipoanzia.

Sasa tusije tukawadanganya. Wapo wapenzi wa muziki huu wanaofikiri kwamba kila kirefu ni kitakatifu, nasi tulikaribia kuwa miongoni mwao. Kundi hilo hilo la Yes lilitoa mwaka 1973 albamu ya santuri mbili, Tales from Topographic Oceans, yenye nyimbo nne tu, mmoja kwa kila upande, zaidi ya dakika 80 kwa jumla. Tuliisikiliza yote, siku nne. Mna ndani yake mahali pazuri sana, na mna mahali ambapo mtu anangoja na hakuna ajaye. Wakeman mwenyewe hakuridhika nayo, akaondoka kundini mwaka 1974. Yako pia makundi ambamo kila mpigaji anaonyesha wepesi wa vidole vyake mpaka wimbo unasahauliwa, kama wale wahubiri ambao ninyi na sisi tunawafahamu. Karibu na mwaka 1977 vijana wengine wa Uingereza walichoka, wakaanzisha muziki wa panki, wakarudi kwenye dakika 2 na gitaa lenye hasira. Hatuwalaumu. Anayengojesha watu sharti awe na kitu cha kuwapa.

Mwezi mzima ulipita kabla hatujapata ujasiri wa kumtafuta kijana. Tulipokwenda kwao, tulimkuta mama yake akianika mihogo. Mtoto alikuwa amekwenda Lubumbashi kusoma. Tuliketi, tukanywa maji, tukamweleza mama yule tuliyoyatenda. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Aliniambia tu kwamba alichoka." Kisha akatupa namba.

Kwa simu hatukuzunguka. Tulimwomba msamaha kwa kumchekesha mbele ya watu, na kwa kumwondoa. Akanyamaza muda kidogo, halafu akauliza: "Papa, zile nyimbo ulizimaliza?" Tukamwambia kwamba tumezihesabu zote kwa maharagwe. Alicheka mpaka mtandao ukakatika. Siku tatu baadaye alitutumia wimbo wake, umerekodiwa kwa simu, gitaa na sauti yake tu. Ulikuwa na urefu wa dakika 7. Katika dakika ya tano, ubeti ulipokwisha, mdundo uligeuka kuwa wa nne.

Tukaupeleka korali. Tulikiri mbele yao pia, kwa kuwa walikuwa wamecheka kwa amri yetu. Kisha tukawaandikia saba ubaoni, tukafafanua, tukapiga mfano, na makofi yakatawanyika kama siku ya kwanza. Mambo hayo yaliendelea majuma mawili. Aliyetuokoa ni mmoja wa wale mama wa sauti ya kwanza, yule aliyecheka kuliko wote, ambaye hajui kusoma noti wala hatujawahi kumwona akihesabu kitu isipokuwa pesa za mboga. Alisimama katikati ya maelezo yetu na kusema: "Mwalimu, acha ubao. Ni mbili, mbili, tatu. Kama kutwanga tukiwa watatu na mmoja amechoka." Akapiga kofi mwanzoni mwa kila fungu tu, mara tatu kwa mzunguko, akivuta kidogo lile la mwisho. Wengine wakamfuata. Mpiga ngoma akamfuata. Sisi tulikuwa wa mwisho.

Uliimbwa jioni moja ya vijana uwanjani, si wakati wa Misa. Tulimpigia simu mwenyewe, tukainyosha mikononi juu ya vichwa ili asikie. Mtandao ulikubali dakika zote saba. Mdundo wa nne ulipofunguka, watoto waliokuwa wameketi mbele wakainuka kucheza bila kuambiwa, na wazee nyuma yao. Ulipokwisha tukaweka simu sikioni, tukangoja aseme neno. Tulisikia anavuta pumzi.

"Papa Mwalimu," akasema, "sauti ya tatu wamechelewa pigo moja."